Acheni kumsingizia Hitler, Me 262 ilikwamishwa na injini

Wakuu, hii imezidi sasa. Hauanzishwi uzi wa ndege za jeti bila mtu kuibuka na ngano ileile: eti Hitler asingelazimisha Me 262, ndege ya kivita ya jeti ya Wajerumani, ibebe mabomu, Ujerumani ingetawala anga. Amri hiyo aliikazia Mei 1944. Injini za kutosha zilikuwepo kabla ya hapo? Hazikuwepo!

Bodi ya ndege ilishakuwa tayari. Julai 18, 1942 rubani wa majaribio Fritz Wendel aliirusha pale Leipheim, Ujerumani, kwa injini mbili za jeti aina ya Jumo 004. Tatizo, zile 004A, toleo la kwanza, zilikula nikeli na madini mengine adimu ya kustahimili joto, ambayo Ujerumani ya vita ilikuwa inayabania. Ikaja 004B: vyumba vya kuunguzia mafuta vya chuma cha kawaida kilichopakwa alumini, baadaye na mapanga ya turbini (gurudumu linalozungushwa na gesi ya moto) yenye uwazi ndani ili hewa ipite kuyapoza. Ikawa injini ya saa 10 hadi 25, basi, inashushwa.

Halafu kuna mtetemo, ambao wapiga soga hawaugusi kabisa. Vyumba vya moto viko sita, kwa hiyo panga likizunguka mara moja linapigwa mara sita. Kwa mizunguko 9,000 kwa dakika, hayo ni mapigo 900 kila sekunde, na panga lenyewe kwa asili lilikuwa linatetema kwa kasi hiyohiyo, kwa hiyo mtetemo ukawa unakuzwa. Yakawa yanakatika. Tiba yake: yakafupishwa kwa milimita 1, yakachongwa yawe membamba zaidi kuelekea nchani, na kasi ikashushwa hadi 8,700. Uzalishaji wa maana ukaanza 1944. Hitler anaingia wapi hapo?

Rubani naye alikuwa na kazi. Akifungua mafuta kwa pupa injini ikiwa chini ya mizunguko 6,000, mafuta yanaizidi hewa, joto linaruka, turbini inaungua. Akiyafunga ghafla kule juu, moto unazimika. Ndiyo maana Wamarekani waliwavizia wakati wa kutua: mwendo ukishashuka, hauurudishi upesi.

Meteor, ndege ya jeti ya Waingereza, iliingia kikosini Julai 1944 na injini ya Welland. Injini hiyo ilikuwa nene kwa umbo, msukumo mdogo kuliko Jumo, lakini mapanga yake yalikuwa ya Nimonic, aloi ya nikeli, na ilikwenda saa 180 kabla ya kufunguliwa.

Anayebisha aanze na hili: Ujerumani ingetoa wapi nikeli ya maelfu ya injini? Na msinitumie video za YouTube.