Mjadala: Rap chafu ya kuchekesha, tunapenda ufundi au matusi? Na ipigwe hadharani?

Mleta mada
Wadau, hoja ni hii. Kuna rap ambayo habari yake nzima ni mambo ya chumbani, na imechanwa ili watu wacheke. Wanaoipinga wanasema kinachofuatwa ni matusi tu, kwa hiyo izuiwe redioni na kwenye sherehe. Mimi napinga. Tusi peke yake halichekeshi. Chukua mistari miwili ya mchanaji mkali, usifute neno lolote, ila lile chafu litoe mwishoni mwa mstari ulitie katikati. Matusi ni yale yale, lakini kicheko kimekufa. Watu wanafuata mtego uliotegwa kwenye kina.

Mtayarishaji wa biti
Kweli, na hesabu yake ipo. Biti ya midundo 90 kwa dakika inampa mchanaji kama sekunde 2.7 kwa mstari mmoja wa midundo minne. Mstari wa kwanza unatega, wa pili unafyatua. Neno la kuchekesha likae juu ya mdundo wa nne, pale sneya, ile ngoma yenye mlio mkali, inapogonga, kisha biti ikatwe nusu mstari ili watu wamalize kucheka. Kosa la kila siku ni kujaza nafasi hiyo kwa maneno mengine: kicheko kinafunika mtego unaofuata, na kichekesho cha pili kinapotea bure.

Ukipandisha mwendo hadi 130, mstari unabaki na sekunde 1.8 hivi. Mtego mrefu hauingii hapo. Ndiyo maana Miami bass, rap ya kuchezea ya miaka ya 1980, na besi zile nzito za mashine ya ngoma ya Roland TR-808, ilikuwa zaidi ya viitikio vifupi vya kupokezana. Anayetaka kusimulia kisa cha kuchekesha ashushe mwendo, kama alivyozoea mchanaji Too $hort wa Oakland, Marekani.

Mpinzani
Ufundi sikatai. Swali langu ni nani anayechekwa. Mchanaji akijisifu mpaka sifa zigeuke kioja, tunamcheka yeye, na hiyo naielewa. Akimfanya mwanamke kuwa kiungo cha mwili kisicho na jina wala jibu, hapo hakuna fumbo tena, ni dharau iliyotiwa vina. Mistari ya namna hiyo imejaa, na kina kizuri hakiisafishi. Halafu mtoto aliyekaa ndani ya basi hakuchagua kuisikiliza.

Mtunzi wa mistari
Swali la shabaha ni la haki, lakini usiwafute wanawake walioshika maiki wenyewe. Lucille Bogan alirekodi blues chafu kupindukia mwaka 1935, kabla rap haijazaliwa. Mchanaji Lil' Kim alitoa albamu yake ya kwanza 1996, na humo mwanamke ndiye anayedai, anapanga masharti na kumcheka mwanaume asiyeweza kazi. Cardi B na Megan Thee Stallion wakafuata njia hiyo 2020 kwa wimbo wao wa pamoja. Uchafu haujapungua, ila anayetania amebadilika.

Mfuatiliaji wa sheria
Kuhusu kuzuia, Marekani walishajaribu. Juni 1990 jaji wa mahakama ya shirikisho huko Florida alitamka kwamba albamu ya 1989 ya kundi la rap la 2 Live Crew ni uchafu usiolindwa na katiba. Oktoba mwaka huo huo wanakikundi walioshtakiwa kwa onyesho la jukwaani waliachiwa na baraza la wazee wa mahakama. Profesa Henry Louis Gates Jr. alitoa ushahidi kwamba kutia chumvi na kukejeli kwa aina ile ni mila ya kale ya lugha ya Wamarekani weusi. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikatengua ule uamuzi wa kwanza. Kigezo cha kuamua uchafu kilichowekwa tangu 1973 kinataka kazi iwe haina thamani yoyote ya maana ya kisanaa, na upande wa serikali ulileta kanda yenyewe tu, bila ushahidi wa kuwajibu wataalamu wa utetezi. Kuchukizwa, hata kwa haki, hakutoshi kuwa ushahidi.

Mpinzani
Sijaomba albamu ipigwe marufuku. Naomba ipangiwe saa. Huko huko Marekani redio za kawaida zinaruhusiwa lugha isiyo na staha kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi tu. Mchana wapige toleo safi.

Fundi sauti wa redio
Hilo la saa naliunga mkono kabisa. Ila toleo safi mnalichukulia kirahisi. Ukikata neno kwenye wimbo uliokwisha kuchanganywa, biti nayo inakatika na watu wanayumba. Lazima uwe na sauti pembeni na biti pembeni. Hata hapo, mchanaji kwa kawaida hurudia kurekodi maneno ya mwisho wa mstari ili yawe na uzito. Ukinyamazisha sauti kuu ukasahau hiyo ya pili, tusi linasikika kwa chini, tena kwenye neno lile lile ulilotaka kulificha.

Tatizo kubwa zaidi ni kina chenyewe. Mstari wa kwanza umeshamwambia msikilizaji jibu, kwa hiyo ukimya unajazwa kichwani mwake, na kila mtu hulitamka kwa sauti. Kukata kunalitangaza neno. Dawa ni kuandika upya mistari yote miwili, wa kutega na wa kufyatua, na kuirekodi siku ile ile, maiki ile ile, umbali ule ule, isije ikasikika kama kiraka. Wimbo wa 2020 aliotaja mtunzi ulibadilishiwa maneno ya kiitikio kwa ajili ya redio, na ukachezeka vizuri. Kituo kikiletewa toleo lenye mashimo matupu, kilirudishe kwa msanii kabla ya kulipangia saa.