Vita vimekwisha, chuo kikuu kianzie wapi?

Kalamu_Kavu
Wadau, naomba kujuzwa. Vita vikiisha, fedha huenda kwenye barabara, zahanati na shule za msingi. Chuo kikuu huambiwa kisubiri. Tuseme chuo kimeporwa, nusu ya wahadhiri wamekimbia, na kilichopo mfukoni kinatosha mambo mawili matatu. Kianzie wapi ili nchi ione faida mapema?

Rejista
Mkuu, kabla ya kupaka rangi kuta, okoeni ofisi ya msajili. Kumbukumbu zikipotea, daktari wa kweli hana cha kuonyesha, na tapeli mwenye muhuri wa kuchonga anaajiriwa kabla yake.

Madaftari yaliyolowa yasianikwe juani wala kubanduliwa kwa nguvu. Yawekwe kivulini penye feni, na karatasi ya kunyonya maji kila baada ya kurasa kumi hivi, ibadilishwe ikilowa. Ukungu huanza ndani ya siku mbili tatu, kwa hiyo ambayo hamjayafikia yatieni kwenye friza. Yakikauka, pigeni picha kila ukurasa, nakala tatu, moja ikae nje ya mji.

Ambaye jina lake halionekani popote asikilizwe na kamati, si karani mmoja. Linganisheni vitabu vya mahafali, orodha za baraza la mitihani na maelezo ya watu wawili waliosoma naye, halafu apewe mtihani wa mdomo. Akifaulu, hati ya muda yenye namba. Na dirisha la kuomba hati hizo liwe na tarehe ya kufungwa, la sivyo waghushi hawataisha mlangoni.

Kitivo_Elimu
Hao wanaosema shule za msingi kwanza, walimu wake watatoka wapi? Kambodia baada ya utawala wa Khmer Rouge kuangushwa 1979 ilikuta walimu wengi wameuawa au wamekimbia, ikabidi wenye elimu kidogo wapewe kozi fupi na kuingizwa darasani. Hakukuwa na njia nyingine. Kosa huwa ni kuishia hapo. Kozi ya miezi mitatu ihesabiwe tangu mwanzo kuwa sehemu ya stashahada, mwalimu amalizie likizo kwa likizo akiwa kazini. Lisipoandikwa kwenye mtaala, baada ya miaka kumi mnabaki na jeshi la walimu "wa muda" wasiopanda daraja.

Jingine ni lugha. Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, Butare, kilifunguliwa tena 1995, kikiwa na waliosoma kwa Kifaransa na waliorudi toka uhamishoni wakiwa wamesoma kwa Kiingereza. Hali kama hiyo inadai masomo ya lugha kabla ya fani, na ratiba iyatengee muda wake.

Zege_na_Nondo
Kitivo cha uhandisi kinalipa haraka kuliko vyote, maana majengo yaliyoungua yanahitaji kukaguliwa kabla mtu hajaleta tingatinga. Gongeni plasta, itoke, mtazame rangi ya zege. Zege nyingi zikifika nyuzi 300 hivi za Selsiasi hugeuka waridi. Sehemu hiyo imeshapungua nguvu, ichongwe hadi mfikie rangi ya kawaida. Pasipoeleweka, kateni mche wa zege (kipande cha mviringo) mkaupasue maabara kupima nguvu yake. Nondo za kawaida zikipoa hurudisha nguvu kiasi kikubwa, ila zilizopinda hazina mjadala, zitolewe.

Vifusi navyo vikisagwa ni kokoto, lakini zinanyonya maji kuliko za mwamba. Zilowekwe kwanza, la sivyo fundi ataongeza maji kwa macho na zege italegea. Wanafunzi wapime, ila sahihi iwe ya mhandisi aliyesajiliwa.

Kalamu_Kavu
Nashukuru sana. Na kama mji mkuu wenyewe bado haujatulia?

Rejista
Basi msiusubiri. Chuo Kikuu cha Taifa cha Somalia, kule Mogadishu, kilifungwa vita vilipozuka 1991, kikafunguliwa tena 2014. Huku nyuma Chuo Kikuu cha Amoud, kule Borama, Somaliland, mbali na mji mkuu, kilikuwa kinafundisha tangu 1998, kwenye majengo ya iliyokuwa shule ya sekondari. Walianza na ualimu na biashara, kozi zisizodai maabara. Tiba ikafuata baadaye.