Mjadala: Tangazo la akili mnemba libandikwe lebo, au libanwe kwa ukweli wa bidhaa tu?

Mleta mada

Wadau, naanza na msimamo wangu ili mwenye kuupinga aupinge. Lebo ya "imetengenezwa kwa akili mnemba" ikibandikwa kwenye kila tangazo haimlindi mnunuzi. Inamweleza picha ilipatikanaje, lakini haimwelezi kama koti lina mifuko miwili au mitatu. Ningekuwa natunga sheria ningeuliza swali moja: je, hiki kinachoonekana kinatumika kama ushahidi wa bidhaa? Kama ndiyo, kiwe cha kweli, na kisipokuwa cha kweli mtangazaji aadhibiwe hata kama alitumia kamera. Kama ni pambo tu, mathalani milima nyuma ya gari, sioni aliyedhulumiwa.

Najua upepo unavumia upande wa pili. China, tangu tarehe 1 Septemba 2025, inataka alama za aina mbili: inayoonekana kwa macho, na nyingine iliyofichwa ndani ya faili. Umoja wa Ulaya, katika kifungu cha 50 cha Sheria ya Akili Mnemba ya 2024, unataka mwenye mtambo aweke alama inayosomeka na kompyuta, na mtumiaji wa mtambo atangaze pale picha, sauti au video inapofanana na mtu, kitu, mahali au tukio halisi kiasi cha kumhadaa mtazamaji. Jimbo la New York, kwa sheria iliyosainiwa Desemba 2025, linamgusa mwigizaji wa kutengenezwa tu: tangazo lenye mtu asiyekuwepo liseme hivyo, na faini ni dola 1,000 kwa kosa la kwanza, dola 5,000 kwa yanayofuata. Sheria tatu, na kila moja inalenga shabaha yake. Kampuni inayouza kote huko itafanya lililo rahisi: lebo moja kwenye kila kitu. Na lebo iliyo kwenye kila kitu hakuna anayeisoma.

Mnunuzi tu

Mkuu, hilo neno "pambo" ndilo mlango wa kutorokea. Nani atakayeamua kipi ni pambo? Mtangazaji huyohuyo. Chukua mafuta ya uso. Bidhaa ni chupa, na chupa wameionyesha sawasawa. Uso wa dada anayetabasamu pembeni ni pambo? Hapana, ule uso ndio ahadi yenyewe. Nguo vilevile. Tangazo la kampuni ya mavazi ya Guess lililotoka ndani ya jarida la mitindo la Vogue, toleo la Agosti 2025, lilimwonyesha mwanamke ambaye hayupo duniani, na maandishi ya kueleza hilo yalikuwa madogo ya pembeni. Nguo ilikuwepo, aliyeivaa hakuwepo. Sasa inavyokaa kiunoni tumeijua wapi?

Mleta mada

Hapo nakubali bila ubishi: mwili unaovaa nguo ni ushahidi, na ngozi iliyopakwa mafuta ni ushahidi. Lakini ona ulivyojibu mwenyewe. Maandishi yalikuwepo, na hayakukusaidia. Ungetaka hiyo picha ipigwe marufuku, au ungetaka maandishi makubwa zaidi? Ni sheria mbili tofauti hizo.

Fundi picha

Nyinyi mnabishana juu ya picha "ya akili mnemba" na picha "halisi" kana kwamba ni makopo mawili. Kazini hakuna mpaka huo. Mtiririko wa kawaida wa picha ya bidhaa uko hivi.

Bidhaa halisi inapigwa kwanza: mbele, nyuma, pande mbili, na picha ya karibu ya mshono au kifuniko, kadi ya rangi ikiwa kwenye fremu ya kwanza. Mandhari inaondolewa, bidhaa inabaki kwenye leya (tabaka la picha) yake iliyofungwa, na mtambo unapewa kazi ya kujaza nyuma peke yake. Kosa la kwanza huwa mwanga. Bidhaa ilimulikwa kutoka kushoto, mtambo unaleta dirisha kulia, na picha nzima inanuka uongo hata kwa asiyejua kwa nini. Mwelekeo wa mwanga uandikwe kwenye maelekezo, na kivuli kilicho chini ya bidhaa kitolewe kwenye picha ya awali, kisichorwe upya.

Kosa la pili ndilo linalowaponza wengi. Ile hatua ya mwisho ya kuikuza picha au kuioanisha rangi huchora upya pikseli zote, pamoja na zile ulizodhani umezifunga. Maandishi madogo ya kwenye chupa yanageuka michoro isiyosomeka, na vifungo vitano vinakuwa sita. Kwa hiyo kuza kwanza, kisha rudisha bidhaa ya awali juu yake, na nembo iingie mwisho kabisa ikiwa vekta, yaani mchoro usioharibika ukikuzwa. Baada ya hapo kagua kwa asilimia 200: hesabu vifungo, mishono, matundu, vidole. Rangi ipimwe kwa Delta E, kipimo cha tofauti kati ya rangi mbili, dhidi ya bidhaa iliyo mezani. Chini ya 2 jicho la kawaida ni vigumu kuona tofauti. Ikipita 5 unauza rangi nyingine.

Kwenye nguo hali ni mbaya zaidi, na hapa niko na Mnunuzi. Mtambo haujui uzito wa kitambaa. Denimu ya gramu 450 kwa mita ya mraba utaiangusha kama hariri, kwa sababu umejifunza mikunjo inayopendeza, haukujifunza fizikia. Ukiuvisha mwili uliobuniwa, kila mkunjo unaouona ni makisio.

Sasa niambieni: picha ya chupa niliyoieleza hapo juu, yenye chupa halisi na meza ya kubuni, ipewe lebo gani? Meta, wenye Facebook na Instagram, walipoanza kubandika lebo ya "imetengenezwa kwa AI" mwaka 2024 walikuwa wanasoma alama zilizomo ndani ya faili. Mpiga picha akifuta doa dogo kwa kifaa cha kujaza cha Photoshop, picha yake halali ya kamera ikabandikwa lebo. Malalamiko yakawa mengi, na Julai mwaka huohuo wakageuza maneno yasomeke "taarifa za AI". Waliosingiziwa ni waaminifu walioacha alama ndani ya faili. Aliyepiga skrinshoti ya kazi yake kabla ya kuipandisha hakuguswa, maana skrinshoti haibebi alama hizo za ndani ya faili la awali.

Wakili wa chapa

Mleta mada, sheria ya Ulaya umeipunguza kidogo. Wajibu wa alama ya kompyuta haumkamati mtambo unaosaidia uhariri wa kawaida au usiobadilisha kwa kiasi kikubwa kile ulichopewa. Doa la Fundi lingepita. Kazi ya sanaa au ya kubuni iliyo wazi inaruhusiwa kutoa taarifa kwa namna isiyoharibu utazamaji. Na maandishi yanabanwa tu pale yanapohabarisha umma juu ya mambo ya maslahi ya umma, tena yana msamaha kama binadamu ameyapitia na kuna anayewajibika kwayo. Maelezo ya bidhaa dukani hayamo. Faini yake lakini si ya mchezo: hadi euro milioni 15 au asilimia 3 ya mauzo ya dunia nzima ya mwaka, kwa kampuni kubwa ni ile iliyo kubwa kati ya hizo.

Kwa wanaodhani lebo ni jambo jipya: Ufaransa tangu Oktoba 2017 inataka picha ya mwanamitindo aliyepunguzwa au kunenepeshwa umbo kwa kompyuta iandikwe kuwa imerekebishwa, na faini yake ni euro 37,500, inayoweza kupanda hadi asilimia 30 ya gharama ya tangazo. Norway ikafuata Julai 2022, na huko alama ina umbo maalumu na inachukua takriban asilimia 7 ya eneo la picha. Majaribio ya wanasaikolojia juu ya lebo za aina hii, kwa sehemu kubwa, hayakuona zikipunguza unyonge wa mtazamaji juu ya mwili wake. Hilo linampa nguvu Mleta mada. Lakini lipo jingine lililotokea kimyakimya: baadhi ya wauzaji wa picha waliacha kupokea picha za miili iliyorekebishwa, Getty wakiwemo, kuanzia siku ileile sheria ya Ufaransa ilipoanza. Lebo haikumbadilisha mtazamaji, ilimbadilisha muuzaji. Mwenye kutunga sheria akilijua hilo ataipima kwa kipimo kingine.

Na kuna sababu ya kampuni kuikimbia lebo ambayo haisemwi hadharani. Mahakama ya rufaa ya Washington ilithibitisha Machi 2025 kwamba kazi isiyo na mtunzi binadamu haipati hakimiliki Marekani. Ukiandika kwamba tangazo lote limetengenezwa na mtambo, umempa mshindani wako karatasi ya kukunyima hakimiliki. Nembo inaweza bado kulindwa kama alama ya biashara kwa kuitumia sokoni, lakini picha, katuni ya chapa na wimbo mfupi wa tangazo viko hatarini. Ushauri wa kitaalamu ni mchoro wa mkono uwepo kabla ya mtambo kuguswa, wenye tarehe, na kila hatua ya binadamu ihifadhiwe.

Mnunuzi tu

Kwa hiyo kumbe wanaificha kwa faida yao. Asante kwa kuliweka wazi. Hilo peke yake linanitosha kuitaka lebo.

Mpimaji

Nimesubiri mtu aseme "lebo inaua mauzo" nimkatize, hajatokea, basi nakatiza kabla. Takwimu nyingi zinazozungushwa kwenye mawasilisho juu ya hili hazina uzito, na sababu ni hesabu tu. Tuseme duka lina kiwango cha ununuzi cha asilimia 2, na unataka kujua kama lebo imekishusha hadi 1.8. Kwa kiwango cha kawaida cha uhakika (nguvu asilimia 80, yaani nafasi ya kuiona tofauti ikiwa ipo; kosa asilimia 5, yaani nafasi ya kuiona isipokuwepo) unahitaji watu takriban 73,000 kwa kila kundi. Mtu anayekuonyesha jaribio la wageni 5,000 amekuonyesha bahati.

Tatizo la pili ni kubwa kuliko hilo. Ukiweka matoleo mawili ya tangazo kwenye mtandao wa kijamii, algoriti inapeleka kila toleo kwa watu inaowadhania watalibofya. Makundi hayafanani tena, na tofauti unayoiona inaweza kuwa ya watu, si ya lebo. Ligawanye kundi mwenyewe kabla ya algoriti kuingia, kwa namba za wateja au kwa maeneo, acha jaribio litimize wiki kamili angalau mbili, na usilichungulie kila asubuhi ukilisimamisha siku namba inapokupendeza.

Halafu, mnapima nini? Mibofyo haisemi kitu juu ya udanganyifu. Kipimo chake ni bidhaa zilizorudishwa kwa sababu ya "haifanani na picha". Kama mteja ana siku 30 za kurudisha, matokeo yako hayapo hadi siku 30 zipite tangu mauzo ya mwisho ya jaribio. Ningependa mdhibiti aombe namba hiyo kabla hajaomba lebo.

Mleta mada

Mpimaji amenipa kitu nilichokuwa sina. Narekebisha pendekezo: mwili wa binadamu uliobuniwa, na sauti ya binadamu iliyobuniwa inayosifu bidhaa, vitangazwe hapohapo kwa maandishi yanayosomeka kwenye simu bila kukuza. Kanuni za China zinataka herufi za lebo ya picha zisipungue asilimia 5 ya upande mfupi. Kipimo cha aina hiyo kinafaa kwa sababu hakimwachii mbunifu nafasi ya kuinyatisha pembeni. Ushuhuda wa mteja asiyekuwepo hauhitaji lebo, unahitaji kupigwa marufuku, kama kanuni ya maoni bandia ya Tume ya Biashara ya Marekani ilivyofanya kuanzia Oktoba 2024, ikijumuisha yale ya akili mnemba. Mandhari, hapana. Badala yake mtangazaji atunze faili la ushahidi: picha za awali za bidhaa, jina na toleo la mtambo, maelekezo, aliyeidhinisha, na tarehe. Akiulizwa, alitoe.

Fundi picha

Faili hilo linawezekana, lakini msilitegemee libebwe na picha yenyewe. Kiwango cha C2PA, cha muungano ulioanzishwa 2021 na Adobe, Microsoft, BBC na wenzao, kinatia saini ya kidijitali kwenye historia ya picha, na ni kizuri hadi picha inapofika kwenye mtambo wa tovuti unaopunguza ukubwa na kuitoa upya bila historia. Pandisha, kisha shusha nakala ileile kutoka kwenye ukurasa wa mteja na uikague. Mara nyingi utakuta patupu. Nakala ya ofisini ndiyo itakayosema kweli, na iwe ile yenye leya zote. Tatizo ni kwamba mawakala wengi wa matangazo hufuta leya kazi ikishalipwa, kwa sababu faili moja linaweza kula gigabaiti mbili.

Wakili wa chapa

Basi mkataba ndio useme nani anatunza na kwa muda gani. Wakala akifilisika, mwenye chapa ndiye atakayesimama mbele ya mdhibiti. Mwaka 2024 Air Canada walijaribu kudai kwamba roboti yao ya mazungumzo inawajibika yenyewe kwa taarifa potofu iliyompa abiria, na baraza la usuluhishi huko British Columbia likakataa. Hoja ya "ni wakala, ni mtambo" haitakuokoa. Ningeandika miezi 24 baada ya tangazo kuondolewa.

Mnunuzi tu

Miezi 24 kwa shati, sawa. Kwa jokofu lenye dhamana ya miaka kumi, faili litakuwa limefutwa kabla sijajua kwamba ile rafu ya sita haikuwahi kuwepo.

Mpimaji

Rafu ungeihesabu siku ya kwanza, ndugu. Ila kwa kinachofichuka baadaye, kama rangi inayopauka au betri iliyoonyeshwa ikidumu, faili lifuate urefu wa dhamana.