Tetemeko likipiga Bukoba, kwa nini tukaulize Marekani?

Mkashai
Wakuu, habari za jioni. Jumanne usiku, saa 5 na robo hivi, nilikuwa nimejilaza, kabati la vyombo likagonga ukuta kama kuna mtu analisukuma kwa bega. Sekunde nne, kisha kimya. Mke wangu alishafika uani na mtoto kabla sijapata malapa. Mtaa wote hapa Kashai ulikuwa nje umejifunga mashuka, kila mtu anamuuliza mwenzake, "Na wewe umelisikia?" Nikachukua simu, nikaingia ukurasa wa Wamarekani unaoorodhesha matetemeko ya dunia: patupu. Wa Wazungu wa Ulaya: patupu. Hapa nyumbani sikujua hata pa kuuliza.

Tuliokuwepo Jumamosi ile ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri, hatuhitaji hadithi. Lilikuwa la 5.9, na miili tukaiaga uwanja wa Kaitaba. Swali langu ni moja tu. Nchi iliyopitiwa na Bonde la Ufa mashariki na magharibi, isiwe na ukurasa wa wazi ambao kila mtetemo, hata wa 2.5, unaonekana ndani ya dakika chache, na mtaalamu akasema "haya ni masalia ya lile, tegemeeni mengine"? Au ni kweli kwamba wananchi watapata taharuki? Karibuni, kwa hoja tafadhali.

Kaka Poa
Lori la ndizi hilo mkuu. Lala.

Nyundo ya Pugu
Mimi napinga. Dar, tarehe 12 Agosti 2020, saa 2 usiku na ushei. Nipo ghorofa ya saba Kariakoo, taa inabembea, watu wanashuka ngazi na sufuria mkononi. Lile lilipiga huko baharini, mimi sikuona hata ufa. Lakini nusu saa haijaisha, sauti zimejaa WhatsApp: "Kubwa linakuja saa 6, NASA wamesema." Shemeji yangu alilala kwenye gari na watoto wanne. Watu wa namna hiyo ndio unataka kuwapa ukurasa wa kila 2.5? Utawamaliza kwa presha kabla tetemeko halijafika.

Na tuambizane ukweli, Bukoba hamkuuawa na tetemeko, mliuawa na nyumba zenu. Mhaya anajenga nyumba ya kulala siku kumi za Krismasi: juu bati la msauzi, chini tofali zimeshikwa na udongo. Ikidondoka, lawama kwa Bonde la Ufa.

Nshomile Asiyeringa
Nilikuwa napita tu, sasa nimevua koti. Wewe Nyundo, nyumba ya bibi yangu Hamugembe iliyodondoka ilijengwa kabla baba yako hajaijua saruji. Nani alimjengea bibi wa miaka 78 kwa ajili ya Krismasi? Aliyekuwa anakuja Krismasi ni mimi, na nilikuwa nalala sebuleni kwenye mkeka. Watu wamepoteza ndugu, wewe unaleta utani wa vijiweni.

Kaka Poa
Kwenye koti hapo nimekuelewa. Mhaya hata akikasirika lazima ataje vazi.

Sindano Haidanganyi
Naomba nirudishe mada, maana hii ndiyo kazi niliyosomea. Mkashai, ukurasa wa Wamarekani ulikuwa patupu kwa sababu orodha za dunia kwa ukanda wetu huanza kushika vizuri kwenye 4 kwenda juu. California wanaorodhesha hadi chini ya 2 kwa sababu vituo vyao vya kupimia mitetemo vimesongamana kama vibanda vya miamala ya simu. Sisi vituo vinavyotoa data kwa dunia ni vya kuhesabu. Kipo Mbarara, Uganda, kipo Kilima Mbogo, Kenya. Lile la 2016 lilitokea upande wa Missenyi, yapata kilomita 100 kutoka Mbarara.

Kupata mahali lilipotokea unahitaji vituo visivyopungua vitatu. Kila kituo kinapokea wimbi la kwanza linalokwenda kama kilomita 6 kwa sekunde, kisha la pili la kama 3.5, lile linaloyumbisha. Hesabu sekunde zilizo kati yao, zidisha kwa 8, una umbali kwa kilomita. Ukiwa nazo tatu unachora duara tatu, zinapokutana ndipo hapo. Kina ndicho kigumu. Bila kituo cha karibu unakisia. La 2016 liliwekwa kilomita 40 chini, ndiyo maana lilisikika hadi Kigali na Kampala.

Kwa hiyo ulichosikia Jumanne, kama kilikuwa 3, hakipo kwenye orodha ya mtu yeyote aliye mbali. Si kwamba wamekificha. Na ndiyo hoja yangu: mtetemo mdogo atakuonyesha jirani tu.

Babu Rwamishenye
Asante binti. Hapo kwenye kipimo cha Rikta, 5.9 na 6.9 tofauti yake ni moja tu?

Sindano Haidanganyi
Shikamoo babu. Moja kwenye namba, lakini nguvu inayotoka ni kama mara 32. Na siku hizi hatutumii tena cha Richter kwa matetemeko makubwa, kuna kipimo kingine kinachohesabu eneo la mwamba uliokatika na umesogea kiasi gani. Redio zimebaki na Richter kwa mazoea.

Mtoto wa Mjini 255
Kumbe Richter haitumiki? Halafu mleta mada kaandika 5.9. Uzi umeanza na kosa 😂

Mkashai
Sikuandika Richter popote. Soma kwanza ndugu yangu.

Mtoto wa Mjini 255
Hata kama. Mholanzi yule anayetabiri matetemeko mtandaoni aliandika siku tatu kabla kwamba Uturuki itapigwa, na Februari 2023 ikapigwa. Na wanasayansi wa Italia walifungwa kwa kushindwa kutabiri. Kwa nini wa kwetu wasitabiri?

Sindano Haidanganyi
Mtu anayesema kila mwezi "sehemu fulani litapiga kubwa" anarusha mawe gizani, akisikia yowe anadai shabaha. Na Italia umeichanganya. L'Aquila, 2009, kulikuwa na mitetemo midogo kwa miezi, wataalamu wakakaa kikao, watu wakatulizwa, kisha lile kubwa likaua zaidi ya 300. Mwaka 2012 walihukumiwa watu saba, na shtaka halikuwa kushindwa kutabiri, lilikuwa hizo tathmini za kuwatuliza watu. Mwaka 2014 wanasayansi sita wakaachiwa kwenye rufaa, akabaki ofisa mmoja aliyepunguziwa hadi miaka miwili.

Nyundo ya Pugu
Si ndicho ninachosema! Mtaalamu akisema mtulie, jela. Akisema kimbieni, taharuki. Basi anyamaze. Na bado sijajibiwa kuhusu zile nyumba.

Nshomile Asiyeringa
Umejibiwa, hujapenda jibu. Na nyumba yako wewe ya Pugu, lenta zake, ile mikanda ya zege juu ya madirisha, umepimiwa na nani? Likija la 5.9 chini ya Kariakoo, hayo maghorofa yenu ya kubandikana kama mikate, tutawachangia sisi wa udongo.

Virunga Mweusi
Nawasoma kutoka Goma, mnisamehe Kiswahili changu. Mnabishana kama habari inaleta hofu. Ngoja niwaambie hofu ya kukosa habari. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, tuliona mbingu nyekundu juu ya Nyiragongo. Hakuna aliyetuambia kitu kabla. Kituo cha kuchunguza volkano cha hapa kilikuwa kimekaa miezi bila intaneti, fedha za wafadhili ziliisha. Lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege, tukasema Mungu ametusaidia. Ndipo ardhi ikaanza. Mchana, usiku, chai kwenye kikombe haitulii. Barabara zikapasuka. Alfajiri ya tarehe 27 gavana wa kijeshi akatangaza mitaa kumi iondoke, kwamba uji wa moto umeingia chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu. Mama yangu alitembea hadi Sake na godoro kichwani.

Sasa sikilizeni. Zile siku tano, kila mtetemo ulikuwa na maelezo kumi mtaani. Mchungaji ana lake, dereva wa motari, bodaboda yenu, ana lake. Taharuki mnayoiogopa tuliipata yote, bila ukurasa wowote.

Babu Rwamishenye
Pole sana mwanangu. Mama aliendeleaje?

Virunga Mweusi
Alirudi Juni. Godoro liliibwa Sake.

Kaka Poa
Hapo kwenye godoro nimeshindwa kucheka.

Nyundo ya Pugu
Goma ni volkano, Bukoba hakuna volkano. Usichanganye maharage na mbaazi.

Sindano Haidanganyi
Chanzo tofauti, ndiyo. Lakini yanaungana zaidi ya unavyodhani. Julai 2007 kule Gelai, karibu na Ol Doinyo Lengai, mitetemo ilifululiza kwa wiki kadhaa, kubwa ikafika 5.9 na Nairobi watu wakatoka maofisini. Septemba Lengai ikalipuka. Ile mitetemo ilikuwa uji wa moto unajipenyeza kwenye mwamba. Bila vituo huwezi kujua kama unasikia masalia ya tetemeko yanayofifia au kitu kinachopanda.

Na masalia yana tabia. Baada ya 5.9, kubwa katika yanayofuata kwa kawaida huwa kama 4.7. Idadi inashuka haraka: siku ya kumi tegemea kama sehemu ya kumi ya siku ya kwanza. Kama mara moja kati ya ishirini, linalofuata huwa kubwa kuliko la kwanza. Hayo matatu, yakisemwa redioni saa ya kwanza, yanamsaidia mtu kuamua alale ndani au nje. Mtaalamu hahitaji kusema tulieni wala kimbieni. Aseme namba zilivyo.

Mtoto wa Mjini 255
Moja kati ya ishirini!! Kwa hiyo Bukoba bado kubwa linakuja?

Sindano Haidanganyi
Nimesema linalofuata ndani ya siku au wiki. 2016 imeshapita ndugu.

Nyundo ya Pugu
Umeona? Namba moja tu imetupwa, taharuki tayari. Nimemaliza.

Mkashai
Nyundo, huyo ni mmoja, na amejibiwa dakika hiyohiyo. Sisi Jumanne tulikaa nje saa mbili bila wa kutujibu.

Mwenye Risiti
Mnaongelea vituo, mimi naongelea fedha. 2016 Watanzania walichanga hadi wanafunzi. Mwezi huohuo katibu tawala wa mkoa na mkurugenzi wa manispaa wakatenguliwa na Rais Magufuli kwa sakata la akaunti ya michango. Halafu wananchi wakaambiwa kila mtu ajijengee, fedha zinarudisha shule, zahanati na barabara. Sasa mnataka tena mradi wa mitambo? Mitambo italiwa kama ilivyoliwa mifuko ya saruji.

Babu Rwamishenye
Shule ya Ihungo imejengwa, tena vizuri, Waingereza walichangia. Tuseme na hilo. Ila mimi nilipata mabati tu, ukuta nikajua mwenyewe.

Nshomile Asiyeringa
Babu ulipata mabati? Sisi Hamugembe tuliandikwa majina mara nne, nikadhani ni sensa.

Mwenye Risiti
Mara nne! Mnaona?

Fundi Mkanda
Samahani wakuu, nimesoma kurasa zote, hakuna fundi humu. Nimejenga Kagera miaka 19. Nyundo ana ukweli nusu na mdomo mzima. Kilichodondoka 2016 si nyumba za Krismasi. Nyingi nilizoziona mimi ni za zamani, tofali za kuchoma kwa udongo, hakuna mkanda juu ya madirisha, ukuta wa pembetatu chini ya paa umesimama peke yake bila kushikwa. Huo wa pembetatu ndio unaotangulia kuanguka, na unaangukia mlangoni, mahali mtu anapokimbilia. Lakini nimeona pia mpya yenye lenta imepasuka, kwa sababu nondo zilikatwa kwenye kona badala ya kukunjwa zipite. Lenta isiyoshikana kwenye kona ni mbao nne tu za zege.

Mfuko mmoja wa saruji watu wanatoa tofali 50, wengine 60. Mwenye nyumba anafurahi. Mimi nikisema 30 naitwa mwizi.

Kaka Poa
60 kwa mfuko? Hizo si tofali, hizo ni biskuti.

Nyundo ya Pugu
Fundi asante. Mdomo mzima nimeupokea. Ila umekubali ni nyumba.

Fundi Mkanda
Nimekubali nusu. Nusu nyingine ni dada hapo juu. Mimi nikiambiwa eneo gani linatikisika mara kwa mara, najua wapi nimlazimishe mteja. Sasa hivi nikimwambia Mhaya wa Kibeta aongeze nondo ananiuliza, "Nani amekuambia litarudi?" Sina karatasi ya kumwonyesha.

Nshomile Asiyeringa
Kwa nini kila mfano ni Mhaya? Wasukuma hawajengi?

Fundi Mkanda
Nipo Kagera kaka, wateja wangu ndio hao. Na wanalipa.

Babu Rwamishenye
Marehemu kaka yangu alikuwa tarishi Sumbawanga. Wazee wa kule walimsimulia tetemeko la wakati wa Mjerumani, wanasema ardhi ilitembea kama maji. Binti, lipo hilo kwenye vitabu vyenu?

Sindano Haidanganyi
Lipo babu. Tarehe 13 Desemba 1910, upande wa Rukwa, 7.4. Ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika Mashariki. Lilipimwa na mitambo iliyokuwa mbali mno.

Mtoto wa Mjini 255
Kwa hiyo hata mwaka 1910 tulipimiwa na Wazungu 😂

Mkashai
Jamani, swali langu. Ukurasa uwepo au usiwepo?

Mwenye Risiti
Uwepo, ila zabuni iwekwe wazi.

Nyundo ya Pugu
Usiwepo.

Virunga Mweusi
Njooni Goma wiki moja, kisha mpige kura.

Nshomile Asiyeringa
Fundi, umesema nondo zikunjwe kwenye kona. Za milimita 10 zinatosha au 12? Namjengea bibi upya.

Fundi Mkanda
12, nne, na ringi kila sentimita 20. Kwenye kona ringi zisogezane. Nyumba ina vyumba vingapi?

Nshomile Asiyeringa
Vitatu na sebule.

Kaka Poa
Sebule ya kulala wewe Krismasi.

Nshomile Asiyeringa
Ndiyo. Nondo ya 12 Bukoba mjini wanauza bei gani sasa?