Ushauri: Naikosoaje Marekani kwenye mdahalo bila kuwapa watawala wetu kichaka?

Mkaa_Dirishani: Wakuu, heshima kwenu. Mwezi ujao chuoni tuna mdahalo: "Sera za nje za Marekani zimeiumiza demokrasia ya Afrika." Mimi ni msemaji wa kwanza upande wa kuunga mkono. Nimeamua nibaki Kongo tu, maana nikianzia mapinduzi ya Iran 1953 nipitie ya Guatemala na Chile, muda utaisha sijagusa bara letu.

Tatizo ni jamaa mmoja kwenye mazoezi. Kila mara ananiuliza, "Kwani Wakongo wenyewe hawakuwa na mikono?" Nakwama. Pia sitaki kuwabeba wakubwa wetu hawa ambao wakiguswa kidogo tu wanasingizia mabeberu. Nisaidieni.

Babu_Nyaraka: Tumia maandishi yao wenyewe, mdogo wangu. Kamati ya Seneti chini ya Frank Church ilitoa ripoti mwaka 1975. Imo humo: Septemba 1960 mkemia wa CIA, Sidney Gottlieb (ripoti inamficha kwa jina Joseph Scheider), alitua Léopoldville, Kinshasa ya leo, na sumu ya kumuulia Lumumba, waziri mkuu wa Kongo. Haikutumika. Ila chunga, ripoti hiyohiyo haikukuta ushahidi kwamba CIA ilihusika na kifo chenyewe. Alipigwa risasi Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga, 17 Januari 1961, mikononi mwa Wakatanga na Wabelgiji. Ukisema "CIA walimuua", mpinzani aliyesoma atakumaliza palepale.

Binti_wa_Uvira: Huyo jamaa mkubalie. Rais Kasavubu alimfukuza Lumumba 5 Septemba, na Kasavubu ni Mkongo. Kisha mwulize Bunge lilisema nini, maana watu wanamlilia Lumumba wanasahau Bunge. Lilichaguliwa Mei 1960, na ndani ya siku chache mabaraza yote mawili yakaonyesha bado yako na waziri mkuu wao. Tarehe 14 Kanali Mobutu, mkuu wa jeshi, akatangaza wanasiasa wote wakae pembeni. Larry Devlin, mkuu wa CIA pale mjini, alikuja kusimulia mwenyewe kwamba Mobutu alimwambia mapema, naye akamhakikishia kuwa Marekani itaitambua serikali yake. Mikono ilikuwa ya Wakongo, sawa. Lakini kati ya Bunge na kanali, Washington ilichagua kanali. Akatwaa madaraka yote 1965, akang'olewa 1997.

Chokoraa_Mstaafu: Na ndege ambazo Warusi walimpelekea Lumumba je? Mbona hamzitaji?

Binti_wa_Uvira: Zitaje wewe, kaka. Ila utaje na Julai, Lumumba alipokwenda Washington kuomba msaada. Eisenhower hakuonana naye, akapokelewa na waziri wa mambo ya nje. Ndege hizo za Warusi zimekuja baada ya hapo.

Babu_Nyaraka: Kuhusu mabeberu: wapime wote kwa kura. Aliyefunga Bunge kwa baraka za Washington na anayezima intaneti siku ya uchaguzi, wote wamemwibia mpiga kura yuleyule. Liseme wewe kabla hujaulizwa.

Mkaa_Dirishani: Shukrani sana. Naanza na Bunge, sumu nitaitaja katikati. Hiyo ripoti ya Church naipata wapi?

Babu_Nyaraka: Iko mtandaoni, bure. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya Kongo. Ukiigusa ile ya Castro wa Kuba utakesha.