Kuchanganya EPR na tiba ya kukubali (ACT) kwa TOC: nikubali nini hasa?

MamaKadutu (Bukavu)
Jambo benu bote ba yaya na ba kaka. Niko na mutoto mudogo, hajaanza hata kutambaa. Tangu nizae, kichwa inaniletea mafikiri mubaya sana, nikishika kisu ya kukata lengalenga inakuja tu ghafla, "na kama ukimuchoma mutoto?", na picha naiona kabisa, mikono inatetemeka. Mutoto wangu namupenda kupita kila kitu, njo maana naogopa hivi. Visu byote nilifunga mu gunia nikatia juu ya kabati, nikibaki peke na mutoto sipiki kitu ya kukatwa, nangojea baba yake arudi. Naye namuuliza kila mangaribi "unaona mie naweza kumufanya kitu?", anasema hapana, natulia kidogo, kisha namuuliza tena. Sikologi akasema ni TOC, ile ugonjwa ya mawazo yenye kurudia kurudia na kukusukuma ufanye kitu juu ya kujituliza, tukaanza EPR, yani kukaa karibu na ile inakuogopesha bila kufanya bile umezoea kufanya juu ya kujituliza. Kisu ku meza, mutoto akiwa chumba ingine, hapo naweza. Sasa juzi ameniambia atachanganya na ACT, tiba ya kukubali, na hapo njo nimekwama. Nikubali nini? Nikubali kama mie niko muuaji? Mama mukwe anasema ni mapepo twende kuombewa. Mwenye anajua anifafanulie, na kuchanganya bile bibili kunashinda EPR yenyewe?

Yaya_Himbi (Goma)
Pole sana mama. Nafanya kazi ya uuguzi na bagonjwa ba akili, nitakujibu kama vile nawajibu bamama wanaokuja kwetu.

Hapana, hukubali kama uko muuaji. Unakubali kwamba wazo limekuja na uoga umekuja mu mwili, moyo unapiga, mikono inatetemeka, basi. Yale wazo linasema hauyakubali wala hauyabishii. Mawazo ya aina hiyo batu wengi banayapata, Rachman na de Silva walishaonyesha mu 1978 kwamba hata batu wasio na ugonjwa wanapata mawazo ya kutisha yanayofanana na ya wenye TOC, na utafiti wa Kanada wa 2008 ulikuta karibu nusu ya bamama waliotoka kuzaa walipitiwa na wazo la kumuumiza mutoto kwa makusudi. Nusu! Tofauti ni kwamba wengine linapita, wewe unalishika, unaficha visu, unauliza bwana, na kila ukifanya hivyo kichwa kinajifunza kwamba kweli kulikuwa na hatari.

Sasa juu ya nini kuchanganya. EPR ni ya zamani, Victor Meyer aliandika juu yake London mu 1966, na mpaka leo njo tiba yenye ushahidi mwingi kwa TOC. Jinsi wengi walivyoifundishwa, unakaa na kile unaogopa mpaka uoga ushuke. Lakini kuna batu wanakaa wakiuchunguza tu huo uoga, umeshuka? bado? umeshuka? na hiyo yenyewe ni kupigana nao. ACT, ile Steven Hayes na wenzake walianzisha Marekani, inabadilisha swali: niko tayari kubaki nao nikiendelea na kazi yangu? Kama vile grupu (jenereta) ya jirani ikipiga makelele usiku mzima, wewe bado unapika, unaongea na batoto, haungoji izime ndiyo uishi.

Na kuna kitu kingine cha ACT ambacho mimi nakipenda zaidi, wanauliza ni maisha gani unayataka. Wewe unataka kupika mchana, mutoto akiwa mugongoni mu kitenge, si ndiyo? Basi zoezi linatoka hapo. Hukati lengalenga juu ya kupima uoga, unakata juu mu nyumba batu wanataka kula.

Kuhusu kushinda: mu 2018 Twohig na wenzake walichapisha utafiti na batu wazima 58, kundi moja EPR peke, lingine EPR pamoja na ACT, seansi 16, mbili kila juma. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa na hakuna lililoshinda lingine. Kwa hiyo usifikiri ulikuwa unapewa tiba pungufu. Faida ninayoiona mimi ni kwamba mutu anaelewa kwa nini anateseka na zoezi, na huko ni kusaidia sana.

mutoto_wa_Katuba (Lubumbashi)
Yaya wa Goma amesema vizuri, mie niko na TOC ya kadena (kufuli), duka nilikuwa nafunga na kurudia kurudia mpaka batu ba avenyu banaangalia. Nilifanya yote mbili pamoja. Kitu moja sikologi wangu alinionya mbele na ni ya maana sana: hiyo neno "nakubali" inaweza kugeuka rituali mupya. Unasema mu roho "nakubali, nakubali" halafu unangoja uoga utoke, hapo hauko unakubali tena, uko unafukuza na neno ingine. Ukiona unasema ili utulie, acha kusema, endelea kukata majani yako.

Na ile ya kuuliza bwana, sie ku nyumba tulipatana na bibi yangu, nikimuuliza kama nilifunga duka anajibu "naona uoga imekuja, twende tukule". Hakuna ndiyo, hakuna hapana. Siku za kwanza nilikuwa namukasirikia kabisa, lakini ile njo ilinisaidia kuliko kitu yote.

MamaKadutu (Bukavu)
Aksanti sana kwenu. Basi visu niteremushe byote leo? Na maombi niache? Na nitajua aje kama si kitu ingine ya mubaya zaidi?

Yaya_Himbi (Goma)
Usikimbilie, panda na sikologi ngazi kwa ngazi: mutoto mu chumba kimoja na kisu, kisha karibu, kisha mugongoni.

Maombi omba kama ulivyokuwa unaomba mbele ya ugonjwa. Ile ya kurudia sala moja kila wazo likija ili liondoke, hiyo ni sehemu ya TOC na sikologi lazima aijue. Mama mukwe anakupenda, lakini kukuambia una mapepo kunaongeza uoga.

Swali la mwisho ni la maana. Wewe wazo linakutisha na unalikimbia, hiyo ni sura ya TOC. Mama aliyetoka kuzaa akianza kusikia sauti zinamuamuru, au kuamini kweli kwamba mutoto ni pepo, au halali usiku na hata hasikii uchovu, huyo ni wa kupelekwa hospitali siku ile ile na asiachwe peke na mutoto. Hapo kwenu Bukavu, SOSAME, hospitali ya bagonjwa ba akili, wanapokea. Na daktari akitaka kukupa dawa, sertraline, fluoxetine ao nyingine, umwambie wazi kwamba unanyonyesha, asichague bila kujua.

Seansi inayofuata enda na baba mutoto, mupatane mbele ya sikologi ni jibu gani atakupa ukimuuliza.