Mji wa kitalii wa Isiolo: serikali itamke kwamba mradi umekufa, au tuendelee kusubiri?

Mwana Bulapesa (mwanzilishi wa mjadala)

Wadau, nauleta mjadala huu hapa kwa sababu watu wa Isiolo, kaskazini ya Kenya, tumechoka kuulizana wenyewe kwa wenyewe, na mwenye jibu hajibu.

Kwa wasiojua: mwaka 2008 Rais Mwai Kibaki alipozindua Ruwaza ya 2030, mpango wa maendeleo wa taifa, miji ya kitalii ilikuwa miongoni mwa miradi mikuu. Pwani walitajiwa Diani na Kilifi, sisi tukatajiwa Isiolo. Machi 2012 ikaja LAPSSET, mpango wa bandari na njia za usafiri wa kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia. Kibaki, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia walikutana Lamu wakazindua bandari, reli, bomba la mafuta na barabara, na ndani ya mpango huo mkawa na miji mitatu ya kitalii: Lamu, Isiolo na Turkana. Wa kwetu ulichorwa Kipsing, magharibi ya mji, zikatajwa ekari 6,500. Tukaahidiwa mahoteli makubwa na ajira kwa vijana.

Nenda Kipsing leo. Utakuta mbuzi, ngamia, migunga na vilima. Hoteli hakuna.

Sisemi LAPSSET haikuleta kitu. Lami ya kutoka hapa hadi Moyale, karibu kilomita 500, imebadilisha maisha. Aliyewahi kusafiri juu ya lori la mifugo na kulala njiani akimeza vumbi anajua thamani yake. Uwanja wa ndege nao umejengwa, Rais Uhuru Kenyatta akaufungua 2017. Lakini hizo ni habari nyingine. Mimi nazungumzia ardhi ambayo imetajwa kwenye mpango wa taifa kwa zaidi ya miaka kumi, haijajengwa na wala haijaachwa. Mtu akitaka kuchimba kisima pale anaambiwa angoje mradi. Wazee wakiuliza lini wataisajili ardhi yao, wanaambiwa kuna mradi. Ukiuliza mradi uko wapi, unaambiwa mwekezaji anatafutwa.

Na katika kimya hicho kuna wanaokula. Bei za ploti zilipaa tangu mradi utangazwe. Madalali wakajaa mjini. Ndugu yangu mmoja alinunua kipande kwa barua ya ugawaji, akaja kukuta watu wengine wawili wana barua za kipande hicho hicho, zote zina mihuri.

Msimamo wangu ni huu: serikali itoke hadharani iseme moja kati ya mawili. Mradi upo, na hii hapa ramani, hii bajeti, huyu ndiye mwekezaji. Au haupo, na Kipsing imeondolewa rasmi kwenye mpango ili wenyewe waisajili kama ardhi ya jamii. Mwaonaje?

Kijana wa Kambi Garba

Napinga, na kwa heshima zote. Mkiiomba serikali itamke mradi umekufa mnaisaidia kuukimbia mzigo wake. Mnakumbuka ule waraka wa serikali, Waraka wa Kikao Namba 10 wa 1965? Ule uliosema pesa za maendeleo ziende mahali penye mvua na ardhi nzuri ili zizae haraka. Kaskazini ikaachwa nyuma kwa miongo mingi kwa hesabu hiyo. Ruwaza ya 2030 ilikuwa mara ya kwanza Isiolo kuonekana kwenye ukurasa wa mbele wa mpango wa taifa. Leo tuseme wenyewe, "futeni"? Nina stashahada ya ukarimu, nafanya kazi dukani kwa mjomba. Mimi nataka ule mradi. Tupiganie uanze.

Mfugaji, Oldonyiro

Kijana wangu, nakuelewa, hata mimi nina watoto waliosoma. Lakini hebu nikuambie Kipsing ni nini kwa anayeishi huko.

Mvua zilipokatika kuanzia mwisho wa 2020, misimu mitano mfululizo, ng'ombe walikufa kila mahali. Waliobaki walibaki kwa sababu kuna sehemu kama zile ambazo wazee huzuia zisilishwe hadi hali iwe mbaya. Laga, yaani mto wa msimu, linapokauka, watu huchimba mchanga. Unachimba kiunoni, unachimba hadi kifuani, maji yanaanza kuchuruzika polepole chini. Mmoja anasimama ndani anachota, anampa wa juu, wa juu anamimina kwenye hori, mbuzi wanakunywa kwa zamu. Usiku tembo wanakuja kunywa hapo hapo, asubuhi unakuta mchanga umebomoka, unachimba upya. Kwenye ramani mahali hapo pameandikwa mji wa kitalii. Yule aliyechora sijui alifikiri hayo maji ni ya nani.

Halafu mji utakunywa nini? Jibu lao lilikuwa bwawa la Crocodile Jaw kwenye Ewaso Ng'iro. Mto huo tayari unakatika wakati wa kiangazi kwa sababu huko juu, Laikipia na pande za Mlima Kenya, maji yanachotwa kumwagilia mashamba ya maua na mboga. Ukiweka bwawa juu, je, watu wa Merti na Sericho, na mifugo inayotegemea kinamasi cha Lorian, wafe? Ndiyo maana tangu 2013 watu wa bondeni wamekuwa wakitembea na msafara wa ngamia kando ya mto kupinga bwawa. Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wasomali, watu ambao miaka mingine hugombana kwa malisho, walitembea pamoja.

Mimi nakubaliana na mwanzilishi: watuambie. Tukijua hakuna mradi, tutapanga malisho yetu. Kuishi kwa wasiwasi kumetuchosha.

Dereva wa watalii

Nimeendesha watalii mbuga za Samburu, Buffalo Springs na Shaba kwa muda mrefu, acha niongee mambo ya kazi.

Mtalii anayekuja huku anafuata wanyama ambao Maasai Mara hawapo: punda milia wa Grevy, twiga mwenye mchoro wa wavu, swala twiga, choroa, mbuni wa miguu ya buluu. Anafuata mto na mitende yake. Hafuati mji. Akitaka mji anao Nairobi, akitaka ufuo anao Diani. Anayekuja kwa ndege anatua kwenye viwanja vidogo vya vumbi vilivyo ndani au karibu na mbuga, gari la hoteli linamngoja palepale, na dakika chache baadaye anatazama tembo. Kwa nini atue Isiolo mjini halafu apande gari tena?

Na huo uwanja wa Isiolo barabara yake ya kurukia ilikuwa ya kilomita 1.4. Ndege kubwa ya kutoka ng'ambo haitui hapo. Jengo la abiria lilijengwa kwa hesabu ya watu 125,000 kwa mwaka. Ingia siku ya kawaida, viti vimepangwa vizuri, sakafu inang'aa, na askari wa lango anakusalimia kwa furaha kwa sababu amepata mtu wa kuongea naye. Tuliambiwa miraa ya Meru na nyama ya Isiolo zitapitia hapo. Kichinjio chenyewe cha Isiolo, kilichokusudiwa nyama ya kuuza nje, kilikaa zaidi ya muongo mmoja bila kukamilika.

Kijana wa Kambi Garba, nakuonea uchungu kwa sababu kazi zipo za kupatikana, ila si kwa njia ile. Mafuriko ya Machi 2010 yalibeba kambi na lodji kando ya mto, nyingine hazikurudi. Barabara za ndani ya mbuga, mvua ikinyesha kidogo, hazipitiki. Wizi wa mifugo ukitokea upande wa Kipsing, habari ikifika Nairobi kampuni zinafuta safari za Samburu pia, hata kama ni mbali. Pesa kidogo tu ya ule mradi ingetumika kutengeneza hizo barabara, kuongeza walinzi na kufungua tena lodji zilizofungwa, ungekuwa umeajiriwa zamani.

Kijana wa Kambi Garba

Dereva, hapo kwa lodji umenigusa. Hilo sikulifikiria hivyo. Lakini bado sijashawishika kwamba serikali ikishafuta mradi italeta hizo barabara za mbugani. Nionyesheni mahali walipofuta mradi wakapeleka pesa kwingine kwa watu wale wale.

Mwanafunzi wa sheria

Naomba tutofautishe vitu viwili, kwa sababu naona mnavichanganya: ardhi kutajwa kwenye mpango, na ardhi kuchukuliwa kisheria.

Ibara ya 63 ya Katiba inasema ardhi ya jamii ni mali ya jamii. Serikali ikiitaka kwa matumizi ya umma, kuna utaratibu: Tume ya Taifa ya Ardhi inatoa notisi kwenye Gazeti Rasmi, inafanya uchunguzi, wenyewe wanasikilizwa, fidia inalipwa. Kuonyesha picha kwenye mkutano Nairobi si utwaaji. Kwa hiyo swali la kwanza kwa serikali lisiwe "mradi uko hai?" Liwe: notisi iko wapi?

Pili, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Ardhi ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii, na kaunti haina ruhusa ya kuiuza wala kuitoa. Ikitwaliwa kabla ya kusajiliwa, fidia inakaa kwa kaunti kwenye akaunti maalumu yenye faida, hadi jamii isajiliwe. Na jamii ikishasajiliwa, kifungu cha 36 kinasema mkataba wowote wa uwekezaji lazima upitishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii, kwenye kikao ambacho theluthi mbili wapo. Hiyo ni nguvu kubwa sana. Mwekezaji atalazimika kuja Kipsing, kuketi chini ya mti na kuongea na watu.

Ndiyo maana kuchelewa kusajili kunaumiza kuliko kuchelewa kujenga. Kama bado hamjasajili, mnasubiri huku mikono imefungwa. Na hakuna mahali sheria inasema mradi uliotajwa tu unazuia usajili. Anayewaambia mngoje awaonyeshe kifungu.

Mwana wa Amu

Nawasoma kutoka Lamu. Sisi bandari ilikuja kweli, gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021, kwa hiyo msidhani mradi ukianza ndio raha. Wavuvi wetu walienda mahakamani mwaka 2012. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikasema serikali ilikiuka haki zao: haki ya mazingira safi, haki ya utamaduni, haki ya kupewa habari. Ikaamuru shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi kama 4,600. Baada ya hukumu ikaja rufaa na miaka mingine ya kuvutana juu ya malipo.

Ninalotaka kuwaambia ni moja. Kesi kama ile inahitaji watu walioandika. Inahitaji vitu kama orodha za wavuvi, ramani za maeneo ya kuvulia, barua zilizotumwa na tarehe zake. Vivyo hivyo ule mtambo wa makaa ya mawe uliotakiwa kujengwa Lamu: Juni 2019 Jopo la Taifa la Mazingira, linalosikiliza rufaa za leseni, lilifuta leseni yake, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na watu waliweza kulithibitisha hilo. Maneno ya barazani hayafiki mahakamani. Andikeni.

Mwana Bulapesa

Nimewasoma wote. Kijana wa Kambi Garba, hofu yako naichukulia kwa uzito. Ni kweli tunaweza kufutiwa mradi tusipewe kitu badala yake. Lakini angalia tulichonacho sasa: hatuna mradi, na hatuna hicho kitu kingine, kwa sababu kila tukiomba barabara ya mbugani tunaambiwa Isiolo tayari ina mradi mkubwa wa utalii. Mradi huu umegeuka kisingizio. Ndiyo maana nataka utamkwe, hai au mfu.

Na pia hasira yangu si kwa serikali moja. Kibaki aliuanzisha, Uhuru akaurithi, William Ruto naye akaurithi. Mamlaka ya kusimamia LAPSSET ipo tangu 2013. Magavana wetu wamepita, na sikumbuki hata mmoja aliyesimama Oldonyiro akasema ekari zile zina hali gani.

Mwanafunzi wa sheria amenibadilishia swali na nimelikubali. Nimeanza kuandika barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inawapa maafisa siku 21 kujibu. Itakwenda kwa mamlaka ya LAPSSET, kwa Tume ya Taifa ya Ardhi na kwa kaunti. Nauliza kama kuna notisi yoyote ya kutwaa ardhi ya Kipsing, ya tarehe gani na mipaka ipi. Kama kuna fidia iliyolipwa, iko akaunti gani. Fedha kiasi gani zimelipwa wataalamu wa upembuzi yakinifu na ripoti zao ziko wapi. Bwawa la Crocodile Jaw bado limo kwenye mpango au limeondolewa. Na kama mradi haupo, nani mwenye mamlaka ya kutia sahihi kwamba haupo.

Dereva, naomba uniandikie orodha ya lodji zilizofungwa na barabara za mbuga zilizoharibika, tuiambatanishe. Kijana, kama hutaki kutia sahihi kwenye ombi la kuufuta, sawa, tia kwenye maswali. Maswali hayaui mradi.

Kijana wa Kambi Garba

Kwenye maswali nitatia.

Mfugaji, Oldonyiro

Sisi pia. Lakini barua isiwe ya Kiingereza peke yake. Iwe na Kiswahili, na apatikane mtu wa kuisoma kwa Kisamburu na Kiborana kabla watu hawajaweka vidole. Safari zilizopita tuliwekeshwa vidole kwenye karatasi za kuhudhuria mkutano, baadaye tukasikia zimehesabiwa kuwa ni idhini. Juu ya kila ukurasa iandikwe kwa herufi kubwa kwamba haya ni maswali, si kibali. Leteni siku ya mnada wa mifugo, watu wa Kipsing huwa wote wako Oldonyiro hadi saa nane mchana.